Heroe Mkubwa na Heroe Mdogo: Anzia Mdomoni

Kundi la heroe linaloonekana kwenye maziwa ya Bogoria, Elementaita au Manyara mara nyingi ni la ndege wa aina mbili waliochanganyika, ingawa wengi wetu huwaita flamingo tu na mambo yakaishia hapo. Wamo heroe wadogo, Phoeniconaias minor, ambao ndio huligeuza ziwa zima likawa pinki. Katikati yao, wachache na warefu, wamo heroe wakubwa, Phoenicopterus roseus. Husimama kwenye maji yaleyale, na hufuata chemchemi zilezile kunywa maji yasiyo na chumvi. Lakini hawali chakula kimoja, hawana masharti sawa ya kutaga, na ziwa likibadilika hawaathiriki kwa namna moja. Habari nyingi za kutatanisha kuhusu ndege hawa, kwamba leo wako milioni na kesho ziwa ni tupu, kwamba wanakufa kwa wingi na bado tunaambiwa wapo tele, hueleweka mara tu mtu anapowatenganisha.

Kosa la kawaida ni kuwatenganisha kwa rangi au kwa ukubwa. Kweli heroe mdogo kwa kawaida ni wa pinki iliyokolea zaidi, na heroe mkubwa huonekana mweupe kwa mbali, wekundu wake ukiwa umejikusanya kwenye mabawa. Lakini rangi ya heroe hutokana na chakula na umri, hivyo wapo heroe wadogo waliopauka na heroe wakubwa waliokolea. Jua la jioni nalo humpaka kila ndege rangi ileile. Kimo kinasaidia pale tu aina zote mbili zinaposimama pamoja: heroe mdogo hufika sentimita 80 hadi 90, mkubwa huanzia kama sentimita 110 na madume makubwa hukaribia 150. Kwa uzito, mdogo huwa kati ya kilo moja na nusu na mbili hivi, mkubwa huweza kufika kilo nne. Ndege akiwa peke yake ndani ya mvuke wa joto la saa saba mchana, huna cha kumlinganisha naye, na jike dogo la heroe mkubwa litakuchanganya.

Mdomo hauchanganyi. Wa heroe mkubwa ni pinki, na ncha yake ni nyeusi. Mpaka kati ya rangi hizo mbili unaonekana wazi hata kwa darubini ya kawaida ya mkononi. Wa heroe mdogo ni mwekundu wa damu ya mzee uliokolea kiasi kwamba kwa mbali unaonekana mweusi wote. Jicho ni shahidi wa pili: la heroe mkubwa mzima ni la manjano hafifu, la mdogo ni jekundu au la rangi ya chungwa, na ngozi inayolizunguka ni nyeusi-nyekundu, hivyo uso wote hufanana na kinyago cheusi. Wakiruka, aina zote mbili huonyesha manyoya meusi pembeni mwa mabawa. Tazama mwili badala yake: kwa heroe mkubwa wekundu wa bawa unatengana kabisa na mwili mweupe, na shingo na miguu ni mirefu mno. Kwa sauti, mkubwa hulia kama bata bukini, mdogo hulia kwa sauti nyembamba zaidi.

Wanaosumbua kweli ni vijana. Kifaranga aliyeanza kuruka huwa wa kijivu na kahawia kwa aina zote mbili, na rangi kamili huchukua miaka mitatu hadi minne kujaa. Hapo umbo la mdomo ndilo la kutegemewa, pamoja na rangi yake: kijana wa heroe mkubwa ana mdomo wa kijivu wenye ncha nyeusi, wa mdogo ana mdomo mweusi-mweusi wote, mfupi na mnene.

Unene huo una kazi yake. Heroe wote hula wakiwa wameinamisha kichwa hadi mdomo unakuwa juu chini, kipande cha juu kikiwa upande wa matope. Ulimi mnene uliolala ndani ya mtaro wa kipande cha chini husogea mbele na nyuma kama pistoni ya pampu: ukirudi nyuma unavuta maji ndani, ukienda mbele unayasukuma nje kupitia safu za vibamba vilivyopangwa kama meno ya chanuo. Chakula hubaki, maji hutoka. Penelope Jenkin, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, alichapisha mwaka 1957 uchambuzi wa kina wa mitambo hii, na tofauti kati ya aina hizi mbili ikawa wazi: chanuo si moja.

Kwa heroe mdogo kipande cha juu cha mdomo kina mbenuko mrefu wa pembe tatu unaoingia ndani ya kipande cha chini na kukijaza. Nafasi inayobaki ni nyembamba, na imejaa vibamba vyenye vinyweleo vilivyosongamana hadi kunasa vitu vya ukubwa wa sehemu chache za mia za milimita. Ulimi wake huweza kupiga hadi mara 20 kwa sekunde. Kwa heroe mkubwa mbenuko huo ni mfupi, vibamba viko mbalimbali, na ulimi hupiga mara nne au tano kwa sekunde. Kinachonaswa ni kikubwa zaidi, kuanzia kama nusu milimita hadi milimita kadhaa. Mdomo wa kwanza umetengenezwa kwa ajili ya vitu visivyoonekana kwa macho. Wa pili kwa ajili ya vidudu.

Chakula kikuu cha heroe mdogo katika Bonde la Ufa ni Arthrospira, kiumbe mdogo wa kundi la sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ambaye wengi wanamjua kwa jina la spirulina. Huota kama nyuzi zilizojisokota ndani ya maji ya magadi yaliyokolea, maji yenye uchungu ambao samaki na mimea mingi haiuwezi. Nyuzi hizo zikiota vizuri, maji huwa ya kijani zito na ndege mmoja huchuja kama gramu 60 au 70 kwa siku, zikipimwa zikiwa zimekauka. Zidisha kwa ndege milioni moja: ni zaidi ya tani 60 kila siku kutoka ziwa moja. Spirulina ikikosekana, heroe mdogo hushuka kwenye matope ya kingoni kuchuja diatomu, yaani mwani mdogo mno wenye gamba, lakini hicho ni chakula cha kuvumilia, na makundi makubwa hayakai kwa hicho.

Heroe mkubwa yeye ni mla nyama kwa sehemu kubwa: mabuu ya visubi, kamba wadogo wa maji ya chumvi, konokono, minyoo, pamoja na mbegu na mabaki ya mimea. Chakula hicho kiko chini, ndani ya tope. Ndiyo maana utamwona akikanyaga-kanyaga palepale akizunguka, kichwa chote kikiwa ndani ya maji, akivuruga tope ili vilivyomo viibuke. Maji yakipungua, pale aliposimama hubaki duara la kishimo kwenye tope. Heroe mdogo havurugi. Huchuja sentimita chache za juu za maji akitembea na kupunga kichwa kulia na kushoto, na kwenye kina kirefu huogelea akila. Mtu asiye na darubini anaweza kuwajua kwa hili pekee: kichwa kinachopotea chini ya maji ni cha mkubwa, kichwa kinachofagia juu ni cha mdogo.

Kwa kuwa anachuja juu, heroe mdogo anahitaji maji yaliyotulia. Upepo wa mchana ukiinua mawimbi, uchujaji wake huharibika. Ndiyo sababu hula sana usiku na alfajiri, na mgeni anayefika ziwani saa nane mchana hukuta maelfu wamesimama kwa mguu mmoja na kudhani ndege hawa ni wavivu.

Rangi nayo hutoka humohumo mdomoni. Spirulina ina karotenoidi, yaani viini vya rangi ya manjano hadi nyekundu, na ini la ndege huzibadilisha kuwa rangi inayohifadhiwa kwenye manyoya na ngozi. Heroe mdogo huzipata moja kwa moja; heroe mkubwa huzipata kupitia vidudu vilivyokula viumbe hao wa kijani, hivyo kiasi hupungua njiani. Kuna nyongeza moja ya kuchekesha: heroe wakubwa hujipaka. Tezi iliyo juu ya mkia hutoa mafuta yenye karotenoidi, na wakati wa kutafuta wenza ndege huyasugua kwa shavu na kuyaeneza shingoni na mgongoni. Msimu ukipita, upakaji hupungua na rangi hupauka.

Sasa turudi kwenye maziwa. Spirulina hutegemea kiwango cha chumvi na magadi kilicho katika masafa fulani. Mvua ikizidi, maji huzimuka na viumbe wengine huchukua nafasi. Ukame ukizidi, chumvi hukolea kupita kiasi au ziwa hukauka kabisa. Kwa vyovyote vile, chakula cha heroe mdogo kinaweza kuporomoka ndani ya wiki chache. Haya ndiyo yaliyotokea Ziwa Nakuru. Tangu takriban mwaka 2010 maji yake yalipanda, kutoka eneo la kama kilomita za mraba 40 hadi zaidi ya 60, yakafunika lango kuu la hifadhi na misitu ya migunga ya kingoni. Heroe wadogo walioifanya Nakuru kuwa maarufu duniani walihamia kwingine, hasa Bogoria. Wageni walilalamika kwamba ndege wameisha. Hawakuisha, walifuata chumvi. Ziwa lililozimuka, kwa upande mwingine, huweza kumfaa heroe mkubwa, kwa kuwa vidudu huongezeka. Anayesema idadi ya heroe imepanda au imeshuka bila kutaja ni aina gani, hajasema kitu.

Spirulina yenyewe ina hatari. Maziwa haya huzalisha pia sianobakteria wenye sumu, na mdomo wa heroe mdogo hauna namna ya kuchagua kati ya uzi mzuri na mbaya. Katika vifo vya maelfu vilivyotokea Nakuru na Bogoria miaka ya 1990, watafiti walikuta sumu hizo, lakini walikuta pia kifua kikuu cha ndege na dalili za metali nzito, na ubishi juu ya uzito wa kila kimoja haujafungwa. Kwa maoni yetu kuutafuta muuaji mmoja ni kupoteza muda: ndege mwenye njaa kwenye ziwa linalobadilika hushindwa na jambo ambalo mwenye shibe angelivumilia.

Kwenye kutaga, mambo hugeuka. Aina zote mbili hujenga kiota cha tope chenye umbo la koni iliyokatwa juu, hutaga yai moja tu, na wazazi hupokezana kulilalia kwa siku kama 28. Kifaranga huzaliwa na manyoya laini ya kijivu na mdomo ulionyooka. Hulishwa ute mwekundu wenye mafuta na protini unaotengenezwa kwenye koo la wazazi wote wawili, na baada ya siku chache hujiunga na kundi la malezi lenye maelfu ya vifaranga wakichungwa na ndege wazima wachache. Mdomo hupinda taratibu, na huwezi kuchuja na mdomo usiopinda, kwa hiyo kwa wiki nyingi maisha ya kifaranga yako mikononi mwa mzazi anayeruka mbali kutafuta chakula. Kuruka huanza karibu siku ya 70 hadi 90.

Lakini wanatagia wapi? Heroe mkubwa ana orodha ndefu: Camargue nchini Ufaransa, Fuente de Piedra nchini Hispania, maziwa ya Iran na Uturuki, Rann of Kutch nchini India, kusini mwa Afrika. Ndege wanaoonekana Ras Al Khor mjini Dubai au kwenye fukwe za Oman ni hawa wakubwa, na wanaotua kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, kwenye delta ya Rufiji na Mida Creek, kwa kawaida ni hawahawa. Heroe mdogo hutaga mahali pachache: Ziwa Natron nchini Tanzania, Makgadikgadi nchini Botswana, Etosha nchini Namibia, na India; zamani alitaga pia Kamfers Dam karibu na Kimberley nchini Afrika Kusini, ambako watu walimjengea kisiwa. Kwa Afrika Mashariki, ambako wako kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu, yaani robo tatu hivi ya heroe wadogo wote duniani, mahali pa kutaga pa kutegemewa ni pamoja tu: Natron.

Natron ni pana, kama kilomita 57 kwa 22, lakini si la kina. Sehemu kubwa haifiki mita tatu. Magadi yake hutokana na miamba ya volkano na chemchemi za moto zinazolizunguka, na Ol Doinyo Lengai imesimama upande wa kusini. Katikati ya ziwa magadi huganda na kufanya ukoko mweupe na mwekundu, na viota hujengwa juu ya ukoko na tope hilo, mbali na nchi kavu. Masharti yake ni magumu. Maji lazima yawe mengi ya kutosha kuzunguka viota, ili fisi na mbweha wasifike. Yakizidi, viota huzama. Yakikauka mapema, wanyama huvuka. Ukoko usipojitokeza, hakuna pa kujengea. Ndiyo maana ipo miaka ambayo heroe wadogo hucheza ngoma yao Bogoria kwa miezi, maelfu wakiwa wamebanana na shingo juu wakitembea hivi na hivi, na mwisho wake hakuna yai hata moja.

Mwaka 1954 Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Kenya, alithibitisha kuwa heroe wadogo wanatagia Natron. Alijaribu kuwafikia kwa miguu. Tope la magadi lilimuunguza miguu vibaya na karibu alipoteza maisha. Ngozi ya miguu ya heroe ni ngumu na yenye magamba, na kiota kilichoinuka hukaa mbali kidogo na joto la tope. Binadamu hana vyote viwili. Ukali huo ndio ukuta wa ziwa.

Mwaka 1962 ukuta ulipotea kwa njia isiyotarajiwa. Natron ilifurika, heroe wadogo wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya, na magadi yaliyokolea yakaanza kuganda kwenye miguu ya vifaranga hadi yakawa pete nzito. Kifaranga aliyevikwa pete hizo hakuweza kutembea. Watu waliingia ziwani wakazipasua kwa nyundo ndogo, wakaokoa maelfu, lakini wengi walikufa. Ni mfano mzuri wa kwa nini "watahamia kwingine" si jibu pale Natron inapotajwa: mahali pengine huonekana sawa kwa macho, kumbe kemia yake huua.

Heroe mkubwa ana adui wa aina nyingine. Miaka ya 1950 na 1960 alikuwa akitagia kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita. Marabu, ndege wakubwa wa jamii ya korongo, walikuja kula mayai na vifaranga, na kundi zima lilikuwa likihama kwa hofu hata pale marabu walipokuwa wachache. Kisha mwari weupe wakavigeuza visiwa hivyo kuwa makazi yao, wakiwasukuma heroe kwenye viota. Hapa si chumvi wala mvua iliyoamua. Ni ugomvi wa nafasi.

Kwa hiyo tunapata jambo linaloonekana kinyume. Heroe mkubwa, ambaye kwetu ni makumi ya maelfu tu, yuko kwenye daraja la usalama katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa viumbe. Heroe mdogo, anayehesabiwa kwa mamilioni, yuko kwenye daraja la wanaokaribia kuwa hatarini. Wingi wake ni wa ndege walioishi miaka mingi, wakitegemea ziwa moja kupata warithi. Mradi wa kuchimba magadi Natron ulioletwa mwaka 2006 ulizua upinzani mkubwa kwa sababu hiyo, na kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa mwaka 2008. Ziwa limekuwa kwenye orodha ya Ramsar, ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2001. Lakini mto wake mkubwa, Ewaso Ng'iro Kusini, unatoka misitu ya Mau nchini Kenya, hivyo mti unaokatwa Narok unaweza kubadilisha maji ya viota vya Tanzania. Orodha yoyote ya upande mmoja wa mpaka haitoshi.

Anayetaka kushiriki kuhesabu, basi, afanye kazi kabla ya saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni, kwa darubini ya mkono ya ukuzaji wa 8 au 10 na ya miguu mitatu kama ipo. Kwanza hesabu ndege kumi mmoja mmoja ili jicho lijue ukubwa wa kumi; ongeza hadi mia; kisha gawanya kundi kwa vipande vya mia au elfu. Jicho lisilozoea hukadiria pungufu pale ndege walipobanana. Baada ya jumla, chagua sehemu tano au sita za kundi, kingoni na katikati, na katika kila moja hesabu midomo: pinki yenye ncha nyeusi ngapi, mieusi mingapi. Usichukue kingoni pekee, maana huko wakubwa hujitenga na uwiano hupotoka. Usikaribie hadi vichwa viinuke, na usirushe droni. Heroe huhama ziwa hadi ziwa usiku, hivyo maziwa jirani yahesabiwe siku moja, la sivyo ndege wa Elementaita jana ni ndege wa Nakuru leo. Wale usioweza kuona midomo yao, waandike "heroe, aina haikutambuliwa". Safu hiyo kwenye fomu si aibu. Ndiyo inayozuia makisio yako yasiingie kwenye jumla ya heroe wadogo.